Mshipa wa Sauti

11 Februari

Baba,

Shikamoo. Ni mimi, Maswali wako. Natumaini barua hii imekukuta huna neno, na magoti hayakusumbui sana ukisimama kutwa mbele ya gogo la nyama. Mimi ni mzima. Nafanya kazi, nakula, nalala.

Hatujasemeshana tangu Juni. Nimehesabu, ni miezi minane. Siku ile ya kumbukumbu ya Mama, yule mzee wa ibada aliponiuliza mbele ya wageni kwamba huku mbali nafanya kazi gani, ningeweza kusema nasafisha mifupa kwenye jumba la makumbusho nikaishia hapo. Badala yake nikamweleza kwamba mifupa hiyo inaonyesha binadamu na wanyama wengine wametoka kwenye ukoo mmoja wa zamani sana. Nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Wewe ndiye unayewasomea maandiko kila juma, kwa sauti hiyo iliyofanya mtaa mzima ukuite Redio, halafu binti yako anakuja kukuaibisha sebuleni kwako. Kwa hilo nakuomba radhi. Kwa nilichosema siwezi kuomba radhi, maana ni kweli.

Unaona? Hata kwa kalamu nimeshaanza. Kwenye simu ilikuwa hivyohivyo: wewe unapaza, mimi napaza, mara mmoja kakata. Mara ya mwisho aliyekata ni mimi, na nimejuta kila siku tangu siku hiyo.

Nina ombi. Tuweke simu pembeni, tuandikiane. Kwenye barua mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Sitakuambia uamini chochote kwa sababu nimesema mimi. Umepasua wanyama miaka arobaini, umeona ndani yao kuliko wasomi wengi ninaowafanyia kazi. Nitakuuliza jambo mojamoja, nawe uangalie kwa kisu chako mwenyewe. La kwanza hili: nyuma ya mguu wa ng'ombe, juu kidogo ya kwato, kuna vikwato viwili vidogo ambavyo havigusi ardhi akisimama. Ni vya nini?

Mwanao


2 Machi

Marahaba, Maswali.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Sisi huku wazima. Magoti yanalalamika, lakini nimeyazoea kama nilivyowazoea wateja. Dada yako hajambo, cherehani inampa riziki. Anasema lile gauni ulilomwachia akupunguzie amelipunguza mpaka limemtosha yeye.

Ile radhi uliyoomba nimeipokea. Ile ambayo hukuomba nimeiona pia.

Haya, tuandikiane. Ila mimi ni mtu wa bucha, na penye foleni lazima pawe na utaratibu. Sharti la kwanza: simu marufuku mpaka mmoja wetu aseme mwenyewe kwamba hana jibu. Wala usipite mlango wa nyuma kwa dada yako. Sharti la pili: barua ni kwa zamu. Ukishaandika, unangoja. Hakuna kutuma mbili mfululizo, maana nakujua, utanishinda kwa wingi. Sharti la tatu: salamu kwanza, ubishi baadaye. Mtoto aliyelelewa anajulikana kwa hilo.

Sasa vikwato. Nimevikata nikavitupa maisha yangu yote bila kuviuliza jina. Nilimwuliza mwenzangu wa bucha, Bwana Subiri, unamkumbuka, yule anayewaambia wateja wasubiri hata kama dukani hakuna mtu. Yeye anasema ni urembo. Mimi nasema ni breki, ng'ombe akizama kwenye tope vinamzuia asiteleze. Kila kitu kina kazi yake. Kama huna la zaidi, sema hapahapa, nami nitawasha simu.

Nilifurahi kuona mwandiko wako. Umekuwa mbaya, lakini nilifurahi.

Baba yako


20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na magoti. Mimi sijambo, ila vidole vinanuka dawa ya kusafishia mifupa, na kwenye basi watu wananiachia kiti kitupu upande huu na upande ule. Mwambie dada avae gauni kwa amani.

Masharti yote matatu nimeyakubali.

Breki yako nimeipokea, ni kweli kwenye tope vinasaidia. Lakini pasua ndani yake. Utakuta vifupa vidogo, vile vya kidole kilichonywea. Farasi ndiye wa kushangaza zaidi. Yeye anatembea kwa kidole kimoja tu, lakini chini ya ngozi, ubavuni mwa mfupa mkubwa wa mguu, ana vifupa viwili vyembamba ambavyo haviendi popote, havishiki kidole chochote. Kwenye droo zangu nina miguu ya jamaa zake wa kale, waliochimbwa kwenye matabaka ya mawe yaliyolaliana. Mawe ya juu, ambayo ni ya karibuni, yana farasi wa kidole kimoja. Ukishuka unakuta wa vidole vitatu, viwili vya pembeni vifupi. Ukishuka tena unakuta mnyama wa kimo cha mbwa, mbele ana vidole vinne. Hakuna aliyewahi kumkuta farasi wa kidole kimoja kule chini kabisa, na watu wamechimba sana.

Nikupe kazi ya pili. Chukua mguu wa mbele wa mbuzi, uuvue nyama mpaka mfupa. Halafu jipapase mkono wako kuanzia begani. Mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vifupa vingi vya kiganja, kisha vidole. Popo kwenye bawa lake ana hivyohivyo. Nyangumi kwenye pezi lake ana hivyohivyo, na yeye anaogelea. Mtu akitengeneza bawa na akitengeneza kasia, kwa nini aanze na mkono uleule?

Jibu taratibu. Nina hamu ya barua yako kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwanao


14 Aprili

Marahaba, mwanangu.

Tunashukuru, tupo. Mafua yalinishika mwisho wa Machi. Yenyewe yameshaondoka lakini yameondoka na sauti yangu, nimebaki na mkwaruzo tu. Mtaa mzima unanicheka, wanasema Redio imeisha betri. Bwana Subiri ndiye anayewaita wateja siku hizi, na unaweza kukisia mwenyewe, anawaita halafu anawaambia wasubiri. Kwenye ibada amechukua nafasi yangu yule mzee uliyembishia. Anasoma kama mtu anayehesabu misumari. Nimekaa benchi la nyuma nikimsikiliza, na nikuambie ukweli, nimeona uchungu. Nakunywa tangawizi na limau, itarudi.

Tuje kwenye ubishi. Mguu wa mbuzi niliuvua nyama mbele ya wateja. Mfupa mmoja, miwili, vifupa, vidole. Bwana Subiri alijipapasa mkono wake mpaka mama mmoja akamwuliza kama anajiuza kwa kilo. Nimeyaona hayo, sibishi. Macho yangu hayajaisha betri.

Lakini nina jibu, na nimelipata kwa dada yako. Nilikwenda kwake nikamkuta na ile karatasi yake ya kukatia nguo. Kwa karatasi hiyohiyo anakata shati la mzee, anakata sare ya mwanafunzi, anakata koti. Anarefusha hapa, anapunguza pale. Fundi mzuri hana haja ya kuchora upya kila asubuhi. Mungu ni fundi, naye ana karatasi yake. Ndiyo maana mbuzi, popo na mimi tumefanana mikono. Sasa hapo utasemaje, Maswali?

Nangoja zamu yangu. Naona barua hizi zinanifanya nitazame nyama kwa jicho lingine. Juzi nimemkatia mteja kilo mbili badala ya moja kwa kuwaza.

Baba yako


30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi mzima kabisa, na jibu la fundi lilinifanya nicheke peke yangu ofisini, maana ni zuri kuliko mengi ninayoletewa na wageni wenye digrii. Pole kwa sauti. Redio ikinyamaza kidogo, majirani nao wapumzike. Endelea na tangawizi.

Sasa nisikilize. Kama ni karatasi ya fundi, basi tumpime kwa ufundi. Fundi mzuri hapotezi uzi. Nitakupa uzi mmoja uufuate mwenyewe, na ukifika mwisho wake uniambie kama dada angeushona hivyo.

Sauti inaendeshwa na neva, zile nyuzi nyeupe ambazo mara nyingine mnaziita mishipa. Neva ya upande wa kushoto inatoka kichwani, inashuka shingoni na kupita karibu kabisa na koo la sauti. Ungesema imefika, iingie. Haiingii. Inaendelea kushuka mpaka ndani ya kifua, inapita chini ya ule mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, inauzunguka, kisha inapanda shingo yote tena kurudi kwenye koo ililolipita mwanzo. Kwa twiga safari hiyo ni zaidi ya mita nne, kwenda mahali palipokuwa umbali wa kiganja.

Kwa nini? Muulize samaki. Samaki hana shingo, moyo wake uko karibu na kichwa, na neva kama hiyo inapita nyuma ya mshipa wa damu na kufika kwenye mashavu anayopumulia, moja kwa moja, haina shida. Sisi na ng'ombe tumetokana na viumbe wa namna hiyo. Kizazi baada ya kizazi shingo ikarefuka, moyo ukashuka, na neva ilikuwa imeshanaswa upande wa pili wa mshipa. Haikuweza kukatwa na kuungwa upya. Ikavutwa tu, kidogokidogo, ikarefuka. Hakuna fundi anayeshona hivyo, Baba. Hivyo ndivyo kitu kinavyokuwa kikirithiwa.

Usinishike kwa maneno. Mwombe rafiki yako wa machinjioni akuachie shingo na kifua bila kuvitenganisha, na utafute mwenyewe. Hapa nadhani nimekupata.

Mwanao


9 Juni

Marahaba, mwanangu Maswali.

Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja dume la kufaa, na pale machinjioni nilionekana mwehu kuomba shingo, mapafu na moyo vikiwa vimeshikana. Niliwaambia ni maagizo ya mteja kutoka nje ya nchi. Sikusema uongo.

Nililipata Alhamisi. Tulifunga bucha mchana, Bwana Subiri akaweka kibao cha kuwaambia watu wasubiri, tukalaza mzigo juu ya gogo. Nilianza chini ya taya kwa kisu kidogo kile cha kuchunia. Nikaipata. Nyeupe, nyembamba, inateleza. Nikawa naifunua inchi kwa inchi na kuchomeka njiti ya kiberiti kila nilipopita nisije nikaipoteza. Ikalipita koo la sauti kama ulivyosema. Nikaingia nayo kifuani. Pale kwenye mshipa mkuu, pembeni ya moyo, likachomoka tawi, likapita chini, likageuka. Nilipoona linageuka niliweka kisu chini. Nikafuata tawi lile kwa kidole mpaka juu, likaingia kwenye koo.

Nimekata shingo za ng'ombe tangu kabla hujazaliwa. Uzi ule nimeukata kila siku nikautupia paka. Nilikaa kwenye ndoo, Bwana Subiri akaniuliza kama naumwa. Nilipima safari nzima kwa kamba: futi tano na ushee, kwenda mahali ambapo ningefika kwa vidole vinne. Dada yako nilimwonyesha. Alisema mwanafunzi wake akishona hivyo anamfumulisha.

Basi, sina jibu. Nimesema. Mungu simwachi, usije ukajisahau, yeye na mimi tuna mazungumzo yetu na nitamwuliza hili. Lakini mbuzi na mimi ni ndugu, nimekubali, na leo asubuhi niliposhika kisu mkono ulisita kidogo.

Kwa mujibu wa sharti la kwanza sasa unaweza kupiga simu. Nakuomba usipige kwanza. Sauti bado haijarudi, na maji nayo siku hizi yananipalia nikinywa. Nataka ukipiga unisikie mimi mwenyewe, si huu mkwaruzo.

Nina swali, nawe ndiye mwenye kujua. Ulisema binadamu anao uzi huohuo, unapita njia hiyohiyo. Sasa kwa mtu, ukibanwa na kitu pale kifuani, sauti inakuwaje? Nauliza tu. Jibu ukipata nafasi, ni zamu yako.

Baba yako


3 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui niandike nini baada ya shikamoo.

Barua yako ya Juni nimeikuta juzi mezani kwangu, chini ya karatasi za ofisi. Tarehe tano Juni nilipelekwa kwenye machimbo ya mifupa, jangwani, kusikofika barua wala simu, nikakaa karibu miezi miwili. Sikukuambia. Katika barua ya Aprili nilijaza ukurasa mzima wa twiga na samaki na nikasahau kukuambia naondoka.

Nilipofika kwenye swali lako nilipiga simu palepale. Alipokea dada. Aliniambia umelazwa tangu katikati ya Julai, ulipoanza kukohoa damu, na kwamba kuna uvimbe kifuani upande wa kushoto. Nilimwomba akuwekee simu sikioni. Nilisikia pumzi yako. Nilikuita, nikasikia pumzi tu, halafu dada akasema unaandika kitu kwenye karatasi, umeandika "Aandike, nitasoma." Ndiyo maana naandika.

Jibu la swali lako ni hili, na wewe ulishalijua ukiwa umekaa kwenye ndoo. Ukibanwa pale, sauti inakwaruza kisha inapotea. Mtu mzima akipoteza sauti kwa zaidi ya wiki tatu apigwe picha ya kifua, kwa sababu ya uzi huo. Nimeusoma, nimewaeleza wageni mara mia. Mwezi wa nne uliniandikia kwamba mafua yameisha na sauti haijarudi, nami nikakujibu ukurasa uleule jinsi neva ya sauti inavyoshuka kifuani. Niliviweka viwili hivyo kwenye barua moja, Baba, na sikuviona. Nilikuwa nakusoma ili nipate pa kukujibu. Nilikutania kuhusu majirani.

Na mimi ndiye niliyesema tuache simu. Ungenipigia ukanisemesha maneno mawili tu ningesikia.

Nimepata ruhusa kazini na tiketi. Nitafika tarehe ishirini na mbili. Nisubiri. Mwige Bwana Subiri mara hii moja.

Mwanao


12 Agosti

Marahaba.

Mwandiko mbovu sasa ni wangu, tumelipana. Kitanda changu kiko dirishani, naona wanaoanika mashuka. Dada yako analeta cherehani ya mkono anashona hapahapa, wauguzi wameanza kumletea nguo za kukunja.

Daktari ni kijana mpole. Alikuja na picha, akaanza kunichorea kwenye karatasi, moyo, mshipa mkuu. Nikamnyang'anya kalamu nikamalizia mwenyewe, uzi unashuka, unakunja hapa, unarudi juu. Nikatia alama mahali palipobanwa. Alinitazama akauliza, "Mzee, ulisomea udaktari?" Nikamwandikia: nimesomeshwa na binti yangu. Amekuja na wenzake wawili kuniona. Nimekuwa mtu maarufu.

Sasa soma hapa taratibu. Nimemwuliza kama ningekuja Aprili ingekuwaje. Amesema uvimbe ulikuwa umeshakomaa kabla sauti haijaondoka, isingesaidia kitu. Nimemwuliza mara mbili ili nikuandikie bila kukosea. Kwa hiyo hukukosea, na barua ya majirani niliicheka sana siku ile, nikawasomea bucha nzima kwa mkwaruzo wangu. Usinichukulie kicheko changu.

Nimeuwaza ule uzi. Wewe unauona kama kazi mbovu. Mimi hapa nimelala nao ndani yangu na nimeuona vingine. Shingo ilirefuka, moyo ukaenda mbali, na uzi ungeweza kukatika. Haukukatika. Ulizunguka sana, lakini ulifika.

Wa dume nimekuwekea. Niliutoa wote na njiti zake, nikaukausha kwa chumvi juu ya ubao, uko juu ya kabati la bucha. Kamba pia iko hapo. Peleka kwenye droo zako.

Usimwambie yule mzee wa ibada kwamba ulinishinda. Atazidi kusoma vibaya kwa furaha.

Nachoka mkono. Nimekusubiri tangu Juni, siku kumi hazinishindi. Zamu yako.

Baba yako


31 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sharti la tatu lilikuwa salamu kwanza, kwa hiyo shikamoo, na najua marahaba haitakuja.

Nilifika tarehe ishirini na mbili kama nilivyosema. Wewe uliondoka tarehe ishirini. Dada alikuja kunipokea uwanja wa ndege amevaa lile gauni langu, na alivyosimama tu nikajua. Tulishikana pale kwenye geti, watu wanatupita na mizigo yao.

Kwenye maziko yule mzee wa ibada alikuja na kitabu mkononi. Nilidhani anataka kunisema. Aliniomba nisome mahali pako. Nikamwambia anajua ninachoamini. Akasema, "Najua. Soma." Nikasoma, mistari miwili mitatu ya mwisho nikiwa sioni. Aliniambia baadaye kwamba alifumba macho akadhani ni Redio. Watu wengine pia wamesema, kwamba sauti hii nimeichukua kwako. Miaka yote sikuwahi kujisikia. Sasa nikizungumza najisikia, na mara nyingine nanyamaza kwa sababu hiyo.

Bwana Subiri alinifungulia bucha. Ubao uko juu ya kabati kama ulivyosema. Nimehesabu njiti za kiberiti, ni sitini na mbili. Mwanzoni umezichomeka mbalimbali, ulipokaribia moyo umezibananisha, naona hapo ulianza kuogopa kuupoteza. Nimewafundisha watu kazi hii miaka saba na hakuna aliyewahi kunitolea neva nzima namna hii. Bwana Subiri alilia. Alisema wiki ile ulipomaliza ulimwambia, "Maswali atanijibu, tusubiri."

Nilikwenda hospitali kumshukuru daktari. Nilimwuliza kuhusu Aprili. Hakujua uliniandikia nini. Aliniambia Aprili labda angeweza kuukata, hakuniahidi, alisema labda, kisha akaniuliza kama mzee hakunieleza, maana yeye alimweleza vizuri. Nilirudi nikamkabili dada. Alisema ulimkataza kwa maandishi. Amenionyesha karatasi. Umeandika: "Hilo Maswali asipewe."

Hukuwahi kunidanganya, Baba. Hata nilipokuwa mdogo nikakuuliza kama ng'ombe anaumia, uliniambia anaumia. Umengoja mpaka mwisho kabisa ndipo ukanidanganya, tena ukasema umeuliza mara mbili. Nakushukuru, na siwezi kulipokea. Nimejaribu.

Dada ameniambia na lingine. Kuanzia mwisho wa Juni ulikuwa unakwenda posta kila siku mchana, na kila siku unarudi mikono mitupu. Alitaka kukuandikia barua nyingine kwangu, alitaka hata kupiga simu ofisini kwangu. Ukamwambia hapana, zamu ni ya Maswali, tulikubaliana. Wiki tano, mpaka ulipolazwa, ulikaa na swali lile kifuani kwa sababu ilikuwa zamu yangu.

Kesho narudi. Ubao nimeufunga kwa khanga ya Mama, kamba nimeivaa shingoni, inanizunguka mara nyingi. Sitaiweka kwenye droo.

Barua hii nitaiacha bucha, juu ya kabati, pale ubao ulipokuwa. Sitaandika nyingine juu yake. Kutuma mbili mfululizo tulikataza. Nimesalimu, nimesema yangu yote na hukunikatiza.

Sasa ni zamu yako, Baba. Nangoja.

Mwanao